Paka Haonyeshwi Njia

Régine aliingia ofisi ya mifugo pale boma ya Nchelenge akiwa amebeba paka ndani ya kapu la samaki, na watu wa kwenye benchi wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kapu alilifunika kwa kipande cha wavu mkuukuu. Paka alilia humo ndani tangu walipopanda lori kambini, na hapa pia hakunyamaza. Régine akakaa mwisho wa benchi, akaliweka kapu mapajani, akakodolea ukuta macho.

"Mama, ile ni kuku?" aliuliza mzee mmoja aliyeleta habari za nguruwe wake.

"Ni paka, papa."

"Inaugua?"

"Hapana. Tunaenda nayo Kanada."

Loo! Ungesikia kile kicheko. Mwanamke mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mzee wa nguruwe akajipiga mapaja. "Sisi benye inchi hatujafika hata Lusaka," akasema, "na paka ya bakimbizi inapanda ndege!" Régine naye alicheka kidogo, kwa sababu mkimbizi akichekwa hucheka, asije akaonekana ana kiburi.

Bwana Davison, mtu wa mifugo, hakucheka. Alimwita ndani, akamtoa paka kapuni kwa kumshika ngozi ya shingo, akamtazama macho na meno. Kisha akamweleza polepole, kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba paka wa kwenda ng'ambo anataka chanjo ya kichaa cha mbwa, anataka barua kutoka Lusaka, anataka kizimba cha ndege na tiketi yake mwenyewe, na tiketi hiyo inashinda bei ya mtumbwi na mota yake. Watu wa ofisi ya safari, wanaohamisha wakimbizi, wanalipia watu. Paka hawamjui.

"Na ile chanjo peke yake?" Régine aliuliza. "Tuanze na chanjo."

"Iliisha, mama. Yenye ilikuja tulichoma imbwa." Davison alisogeza manyoya ya shingo kwa kidole. Kulikuwa na kidonda kilichokauka, kirefu kama kijiti cha kiberiti. "Na hii?"

"Alipotea siku tatu, akarudi nayo."

"Alipigana na nini?"

"Sijue."

Davison akamrudisha paka kapuni, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili. "Mumuangalie muzuri," akasema. "Ile imbwa ya wazimu ya kambini kwenu ilizunguka sana mbele ya kuuawa." Régine alishukuru, akatoka, akapita mbele ya benchi haraka. Kichwani mwake hamkuwa na mbwa. Alikuwa anawaza atamwambia nini Chouchou.

Nyumba ya Régine ilikuwa ya watu wanne na paka mmoja. Mumewe Nkulu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi kule Pweto, Kongo, na hapa kambini alikuwa mlimaji wa mihogo ya wengine. Willy, kijana wao, alikuwa na miaka kumi na saba na viatu vipya alivyokataa kuvivaa mpaka siku ya safari. Chouchou alikuwa na miaka tisa. Jina lake na la paka yalikuwa karibu jina moja, maana huwezi kumwita Chouchou bila kumtaja Makayabo, na huyo Makayabo alipewa jina la samaki wa chumvi kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza alichoiba. Zilibaki siku nane. Wanakwenda mji unaoitwa Regina, na majirani hawakuchoka kumtania: "Mama Willy, bazungu balikujengea muji mbele hujafika!"

Walikuwa wameuza karibu kila kitu. Kitanda, baiskeli, sufuria kubwa, hata bati la mlango lilikuwa na mnunuzi anayelisubiri. Mtu anayehama kwa ndege hahifadhi bati. Kilichobaki ni mabegi manne, mfuko mweupe wa karatasi za safari, na Makayabo.

"Haitawezekana, Chou," Régine alisema siku ya Jumatatu. Alikuwa ameahirisha maneno hayo siku nne. "Ataenda kuishi kwa mama Mirriam, kule Kashikishi, kando ya ziwa. Atakula chisense mpaka atachoka."

Mtoto alilia siku nzima, akagoma kula, kisha jioni akakubali, namna mtoto anavyokubali jambo ambalo hakuulizwa. "Mama Mirriam atamupenda?"

"Atamupenda."

"Na tukirudia siku moja, atanijua?"

"Atakujua," Régine akasema, na roho ilimuuma kusema hivyo.

Sasa, kwa watu wa ziwa hili, ng'ambo ya Kongo na ng'ambo hii, paka hahamishwi macho wazi. Paka akiona njia anapopita, atairudia hata kama ni ya siku mbili. Kwa hiyo anatiwa ndani ya gunia, mdomo wa gunia unafungwa, na anayebeba anajizungusha mara tatu uwanjani kabla ya kuondoka, wala hataji jina la mahali anakokwenda. Na paka hapewi mtu bure. Anayempokea analipa chumvi, hata kama ni konzi moja, kusudi paka akae kwake kwa haki. Ndivyo mama yake Régine alivyofanya, na bibi yake, na Régine hakuwa na sababu ya kufanya vingine.

Jumanne adhuhuri alimtia Makayabo gunia la mahindi, akalifunga kwa kamba ya katani, akaliegemeza ukuta wa nyuma. Paka alirusha miguu, gunia likacheza lenyewe chini. Régine akaingia ndani kuvaa kitenge cha kutokea, maana lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Alipotoka, gunia lilikuwa palepale na Chouchou alikuwa amesimama mbali kidogo, mkono mmoja nyuma.

"Umesha kumuaga?"

"Ndiyo, mama."

Régine akajitwisha gunia, akajizungusha mara tatu, akaondoka bila kugeuka. Kashikishi ilikuwa inanuka samaki na moshi wa mota kama siku zote. Mirriam alikuwa kwenye kichanja chake, anapindua chisense, wale samaki wadogo kama misumari ambao jua moja linatosha kuwakausha. Walikuwa wamefanya biashara pamoja miaka sita, yeye na huyu mama wa Zambia, wakikorofishana na kupatana.

"Mwaiseni, ba mama Willy! Njo huyu?" Mirriam alilipapasa gunia, akacheka paka alipolikwaruza. "Iko na hasira. Muzuri. Panya zinanimaliza." Akachota chumvi ya mawe kwa mkono, akaifunga kwenye plastiki, akampa. Mumewe Elliot, mvuvi mwenye mabega mapana, alikuwa anashona wavu pembeni. Aliinua kichwa, akasema paka wa mkimbizi lazima awe mwindaji, kwa kuwa amezoea njaa. Régine akacheka tena kile kicheko chake kidogo.

Alhamisi alasiri Régine alimwogesha Chouchou nyuma ya nyumba kwa safari ya kesho. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa mkononi tangu Jumanne. Alisema amejikata kwa bati la mlango, na Régine, mwenye mambo mia moja kichwani, alikuwa amejibu tu, "Pole, angalia siku ingine." Sasa kitambaa kililowa, akakifungua.

Kulikuwa na matundu mawili juu ya kiganja, karibu na kidole gumba, na mawili chini yake. Kando yake palikuwa pekundu.

"Chou. Hii ni nini?"

"Bati."

"Bati haina meno, mutoto yangu."

Chouchou akaangalia ndoo. "Nilitia mukono mu gunia," akasema mwishowe. "Nilitaka kumupatia samaki ya njia. Aliogopa, mama. Hakufanya kusudi."

"Ju ya nini hukusema?"

"Kwa mafunzo ya safari walisema mutu mugonjwa hapande ndege. Niliona nikisema, tutabakia wote ju yangu."

Régine akakaa chini juu ya udongo uliolowa. Nyumba ya pili kutoka hapo alikaa Priscille, na Priscille alikuwa na mtoto aliyeitwa Saviour, na Saviour aling'atwa na yule mbwa mwezi wa sita. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, watu wakakisugua kwa majivu, kikapona. Wiki ya saba mtoto akaanza kuogopa maji. Régine alikuwepo. Alisaidia kumshika. Mtoto alikuwa na kiu mpaka ulimi umevimba, na ukimletea kikombe koo linajikaza, anapiga kelele, anawauma waliomzaa. Siku mbili. Muuguzi alisema kitu kimoja tu, bila ukali: wangekuja siku ileile, kuna sindano, mtoto angekuwa anacheza. Sasa dalili zimekwisha kuonekana, hakuna dawa ya mtu yeyote duniani. Na Makayabo alipotea siku tatu, wiki zilezile mbwa alipokuwa anazunguka, akarudi na kidonda shingoni.

Nkulu alipofika kutoka shambani alimsikiliza mkewe mpaka mwisho. Aliutazama mkono wa mtoto, akaugeuza, akaurudisha. Akamwambia Chouchou aende kucheza.

"Hatuseme," akasema.

"Baba Willy..."

"Nisikilize mbele. Ile ni paka yetu. Haiko imbwa ya barabara. Jumanne ilikuwa inakula, inakunywa, iko muzima. Kesho tunapanda basi. Tunalala Lusaka, tunapanda ndege, tunafika. Kule kuko hôpital ya kweli. Tukifika tu, nitasema mimi mwenyewe: docteur, mutoto aliumwa na paka. Watamuchoma sindano kumi kama wanataka."

"Siku mbili zimekwisha kupita. Mpaka kufika kule ni wiki. Muuguzi alisema ni siku ileile."

"Alisema kwa imbwa!"

"Na wakituuliza tulificha ju ya nini? Wakiturudisha kutoka kule?"

"Hakuna mutu anarudishwa kutoka kule." Sauti ya Nkulu ilipanda, akaishusha, maana kuta za kambi ni za majani. "Régine. Miaka saba. Tangu kambi ya Kenani, ile hema ya kwanza, mvua inaingia chini na juu. Miaka saba mimi, fundi wa mota, ninalima mihogo ya batu ya hapa, na bananiita 'we mukimbizi, kuya hapa'. Willy atafikisha kumi na nane mwezi wa tatu, watamutoa kwenye dosie yetu ya safari. Tukishuka kesho, hatupande tena. Unajua vile mimi najua."

Régine alijua. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wenyewe: mumewe hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. Kila alilosema lilikuwa kweli, na Saviour pia alikuwa kweli. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakuwa wamengoja miaka saba kwenye foleni ya mtu mwingine. Régine akasema, "Sawa." Alilisema kwa sababu lilikuwa neno pekee lililomtoka.

Ijumaa asubuhi uwanja wa mpira ulijaa. Basi lilikuwa jeupe, limeoshwa. Waliokuwa wanaondoka walivaa nguo zao zote nzuri kwa pamoja, makoti juu ya makoti, jasho likiwatiririka, na waliokuwa wanabaki walisimama kando wakiimba. Nkulu alikuwa amemvalisha Chouchou sweta ya sufu yenye mikono mirefu inayofunika mpaka vidole. Willy alikuwa amevaa viatu vyake. Alitembea kama anayekanyaga mayai.

Bibi Felistus, muuguzi wa safari, alikaa kwenye meza karibu na mlango wa basi na kipima joto. Alikuwa mpole, mwenye haraka. Kila familia aliiuliza maneno yaleyale.

"Kuna mwenye homa?"

"Hakuna," Nkulu alijibu.

"Kuharisha? Kikohozi?"

"Hakuna."

"Ajali yoyote tangu vipimo vya mwisho? Kidonda, kuumwa na mnyama?"

"Hakuna kitu, mukwai. Tuko wazima wote."

Felistus akaweka alama nne. Nkulu akamsukuma Willy kwa mkono, Willy akapanda. Chouchou akaweka mguu kwenye ngazi. Régine akageuka kuangalia kambi mara ya mwisho, na mbele ya waimbaji akamwona Priscille. Priscille alikuwa amekuja kuwaaga. Alikuwa haimbi. Alikuwa anamtazama Chouchou tu, na macho yaliyojaa heri, macho ya mama anayemtakia mtoto wa mwenzake kile ambacho wake hakukipata.

"Iko," Régine akasema.

"Mama?" Felistus aliinua kichwa.

"Iko kitu. Mutoto aliumwa na paka, siku ya Jumanne. Na paka ilikuwa na kidonda." Akaikunja mikono ya sweta ya Chouchou. "Naomba sindano, mama. Ile yenye Saviour hakupata."

Nkulu alifumba macho, akayafumbua, akaenda nyuma ya basi kuomba mabegi yao yashushwe. Yalikuwa chini kabisa, ikabidi mabegi ya familia sita yatolewe kwanza, na dereva akatukana Kibemba chote anachokijua. Watu waliokwisha kukaa ndani waliangalia dirisha la upande wa pili. Willy aliposhuka alikaa juu ya begi, akavua viatu, akavifuta vumbi, akavitia kwenye plastiki yake.

Basi lilipoondoka waimbaji waliimba, lakini si wote.

Kwenye kliniki mambo hayakuonekana mabaya kama walivyoogopa. Taonga, bwana wa ofisi ya safari, alipiga simu hapa na pale, akaja na maneno ya matumaini. Sindano ya kwanza ipo, mtoto achomwe leo. Paka atafutwe, afungwe mahali, aangaliwe mpaka siku kumi zitimie tangu alipouma. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, basi hakuwa na ugonjwa alipouma. Daktari ataandika barua, na wataingia kundi linalofuata, baada ya wiki mbili. Vipimo vyao vitakuwa bado vina nguvu.

"Paka iko wapi?" Taonga aliuliza.

"Kashikishi. Kwa mama Mirriam," Régine akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana alivuta pumzi. Jumanne mpaka Ijumaa ni siku tatu. Zinabaki saba. Paka anakula samaki, analala juani. Siku saba ni nini?

Nkulu pia alilegea kidogo. "Siku saba," akarudia. Walimwacha Chouchou na kaka yake, wakapanda lori wote wawili, na njiani Nkulu hata alisema kwamba atamnunulia yule paka mpumbavu samaki mbichi.

Walimkuta Elliot ufukweni, anaosha mtumbwi. Alipowaona alitupa kopo, akaja kuwapokea na mikono yote miwili, anacheka.

"Musiogope tena!" akasema. "Nimesha kuwasaidia. Mutu wa kliniki alipiga simu kwa katibu wa soko, akauliza paka yenye ilitoka kambini, ati inaweza kuwa na wazimu ya imbwa. Soko nzima ikapiga kelele. Niliichukua mimi, wengine waliogopa. Kasia moja ya kichwa." Aliinua kidole kimoja. "Kiisha nikaifunga jiwe, nikapiga mota, nikaitupa kule katikati ya ziwa, kwenye mayi nyeusi. Haitauma mutoto ya mutu tena."

Nkulu alimtazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoijua. "Uliiua."

"Kabisa!"

"Walikuambia uiue? Walikuambia?"

"Ba baba Willy, paka ya wazimu mutu anaiuliza ruhusa?" Kicheko cha Elliot kilianza kumpungukia. Alikuwa ametegemea kushukuriwa, pengine hata kupewa chupa. "Si ni mutoto wenu aliumwa? Nimefanya vile ningefanyia mutoto yangu."

Na hilo lilikuwa kweli pia. Mirriam alisimama mlangoni pa stoo yake, mkono mdomoni. "Haikuwa na kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Asubuhi ilikamata panya mbili. Haikuwa na kitu." Kisha akajikanusha. "Ao labda ilikuwa nayo. Mimi sijue, mama Willy. Nisamehe."

Mtu hawezi kumpima paka aliye chini ya ziwa. Walirudi hadi barabarani wakitembea mbalimbali.

"Tusimwambie Chou," Régine alisema wakisubiri lori. "Anachomwa sindano. Aamini yuko kwa mama Mirriam, anakula samaki. Tutamwambia pole pole."

Nkulu akamgeukia. "Kumbe na wewe unajua kuficha," akasema.

Bila paka wa kuangaliwa, sindano zikawa tano, mwezi mzima. Ya pili ilikuja kutoka Mansa, ya tatu ilichelewa siku moja. Régine hakulala usiku ule. Kundi lililofuata liliondoka bila wao, na uwanja wa mpira ukaimba tena. Walilala chini, maana kitanda kilikuwa cha watu. Régine aliazima sufuria yake mwenyewe kwa aliyeinunua, akairudisha imesuguliwa, na yule mama akaikagua chini kama imetobolewa. Watoto wa kambi waliwaita "watu wa kushuka". Wakubwa walisema lao: kwamba Régine aliogopa baridi, kwamba ana mwanamume huku, kwamba yule hakuwa paka wa kawaida.

Nkulu alikula alichopikiwa, akalima mihogo ya watu, na maneno yake kwa mkewe yalikuwa ya chumvi na kuni tu. Kwa wengine alisema mengi. Penye pombe alisema mkewe aliuza Kanada kwa paka mzima, aliyekamata panya wawili asubuhi ya kufa kwake.

"Hujue kama ilikuwa muzima," Régine alimwambia siku moja, mbele ya Willy. "Hakuna mutu anajua."

"Mimi najua."

"Basi na mimi najua mutoto yangu ataishi. Hiyo inanitosha."

Ilimtosha mchana. Usiku aliona basi jeupe.

Siku moja baada ya sindano ya tano walikwenda ofisi ya Taonga pale Nchelenge, Régine, Nkulu na mtoto, na barua ya kliniki ndani ya mfuko mweupe. Barua ilisema mtoto amemaliza tiba, hana tatizo. Taonga aliisoma, akaipiga mhuri, akafurahi kwa dhati. Kisha akafungua kompyuta yake na furaha ikampungua.

"Vipimo vyenu viliisha nguvu juma lililopita," akasema. "Vinaanza upya. Na nafasi za mwaka huu zimejaa. Dosie haijafa, musinielewe vibaya. Imerudi nyuma."

"Nyuma mpaka wapi?" Nkulu aliuliza.

"Mngoje ujumbe."

"Mwezi wa tatu tutakuwa tumepata?"

Taonga aliangalia mezani. Mwezi wa tatu Willy alikuwa anafikisha kumi na nane, na wote watatu walijua hivyo. "Kijana atafungua dosie yake mwenyewe," akasema. "Hapa wananiomba niandike sababu ya kuchelewa. Mstari mmoja."

"Andika paka," Nkulu akasema, akainuka.

Nje jua lilikuwa kali. Mabasi madogo ya Mansa yalikuwa yanaita abiria, na barabara ya lami ilikwenda upande mmoja Mansa na upande mwingine Kashikishi. Chouchou alikuwa ametoka kabla yao, amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Alama za meno mkononi zilikuwa zimebaki nukta nne nyeupe.

"Tunaenda siku gani, mama?"

Régine alichuchumaa mbele yake. "Hatuende tena, Chou. Haiko sasa. Labda siku moja, hatujue."

Alijiandaa kwa machozi. Mtoto alikunja paji, akafikiri, akaangalia uso wa mama na uso wa baba. Halafu uso wake mwenyewe ukafunguka wote, furaha ambayo hawakuiona tangu mwezi uliopita.

"Hatuende kabisa kabisa?"

"Hatuende."

"Basi tumurudishe Makayabo!" Alisharuka kutoka ukingoni. "Mama Mirriam hatakatala, tutamurudishia chumvi yake! Si tuko karibu? Kashikishi ni palepale!" Akaanza kukimbia kando ya lami upande wa Kashikishi, viatu vya plastiki vinapiga, akigeuka kuwaita kwa mkono. "Kuyeni! Mama! Papa! Kuyeni basi!"

Régine alisimama. Alimtazama Nkulu kwanza. Hakuwa amemwomba kitu tangu siku ya basi, sasa akamwomba kwa macho.

"Ni wewe njo unajua kusema kweli," Nkulu akasema. "Kamwambie."

Akabaki palepale na mfuko mweupe mkononi, na Régine akakaza kitenge kiunoni, akamfuata mtoto.